Ugonjwa wa Jumamosi

Kuna ugonjwa wa punda niliougundua mimi mwenyewe. Msihangaike kuutafuta vitabuni, haumo, na sababu ya kutokuwamo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, ingawa mpaka leo nikiikumbuka masikio hunipata moto.

Ulikuwa msimu wa zile mvua ambazo redio iliziita El Nino, nasi tuliokuwa ndani yake tukaziita majina mengine yasiyofaa kutamkwa mbele ya wazazi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuoni na cheti cha afya ya mifugo, nimepangiwa kazi upande wa Kendu Bay, chini ya ofisi ya Homa Bay. Kwetu ni Ukuria, kule juu Migori karibu na mpaka. Dholuo sikukijua zaidi ya salamu, kwa hiyo watu wa huku walinisemesha Kiswahili nami nikawajibu Kiswahili, kila upande ukiamini kwamba ndio unaokisema vizuri. Waliniita daktari. Sikuwa daktari. Nilikuwa msaidizi, ngazi moja tu juu ya mlinzi wa lango, lakini mtu akiitwa daktari mara kumi kila asubuhi, huanza kutembea kama daktari.

Mvua ilinyesha mpaka mito inayoshuka kutoka nyanda za juu ikavunja kingo zake, ziwa nalo likapanda kuilaki, na mashamba yaliyokuwa katikati yakamezwa. Watu walikimbilia shule ya msingi iliyokuwa kwenye mwinuko. Punda nao walikimbilia huko huko, kwa akili yao wenyewe. Ng'ombe na mbuzi wengi walikufa wakiwa wamefungwa kamba, wakingoja mwenye nyumba aamue. Punda wa huku hafungwi, kwa hiyo hakungoja mtu. Siku niliyofika nilikuta punda kumi na saba wamesimama kwenye uwanja wa mpira, wameigeuzia mvua makalio, na familia kama thelathini zimejazana madarasani. Mwalimu mkuu alinipokea kwa furaha kubwa sana kwa sababu alidhani nimekuja kuwaondoa punda wale.

Kumbe nilikuwa nimekuja kuwatibu pale pale. Shirika moja la watu wanaopenda wanyama lilikuwa limetuma sanduku la dawa, na ndani yake barua ikisisitiza kwamba dawa hizo ni za punda peke yao. Walioandika barua ile hawakuwa wamewahi kuishi na watu waliopoteza kila kitu. Dawa ya zambarau ya kupuliza vidonda ilipendwa kuliko mahindi ya msaada. Kila asubuhi nilikuta foleni, watu mbele na punda nyuma. Mzee mmoja alinifungulia mdomo nimwangalie jino. Nikamwambia mimi ni wa mifugo. Akasema hana haraka, nimalize punda kwanza.

Kazi yenyewe ilikuwa chafu. Kwato zilizokaa matopeni wiki nzima zilikuwa laini kama sabuni iliyosahaulika kwenye karai, na harufu yake ilikufuata mpaka kwenye sahani. Nilizikwangua, nikaziosha kwa maji ya chumvi, kisha nikawasimamisha wagonjwa kwenye varanda ya saruji ili zikauke, mlangoni pa ofisi ya mwalimu mkuu, ambaye kuanzia siku hiyo alinisalimu kwa nyusi tu. Migongo ilikuwa mibaya zaidi. Watu walifunga mizigo kwa kamba za nailoni juu ya ngozi tupu, na ngozi ilikuwa imechunika. Kitabu changu cha chuoni kiliagiza nishone mito ya magunia iliyojazwa nyasi kavu. Nyasi kavu hazikuwako Nyanza nzima. Bahati nzuri uchaguzi ulikuwa umemalizika juzi tu, na kila nyumba ilikuwa na fulana za wagombea. Tukajaza fulana. Za walioshindwa ndizo zilizopatikana kwa wingi, na nilimwona punda mmoja akipita sokoni na sura ya mheshimiwa ikichungulia kwenye tundu la gunia, chini ya mitungi minne ya maji. Mwenye punda akaniambia kwamba hiyo ndiyo kazi ya kwanza mheshimiwa huyo kumfanyia.

Maji ndiyo yaliyokuwa kila kitu. Visima vya kuchimba vyote vilikuwa vimejaa uchafu, tetesi za kipindupindu zilikuwa zimeanza, na maji salama yalikuwa kwenye pampu moja tu, juu kwenye misheni, mwendo wa karibu saa nzima kwenye matope. Aliyekuwa na punda alibeba mitungi minne kwa safari, akawauzia wenye vibanda vya chai na watu wa madarasani. Asiyekuwa na punda alibeba kichwani.

Kati ya wale kumi na saba, wengine walikuwa wameshatambuliwa na wenyewe. Alibaki punda jike mmoja ambaye hakuna aliyejitokeza kumdai. Tukaamua achotee shule maji mpaka mwenyewe apatikane. Sijawahi kumwona mfanyakazi kama yule. Hakupigwa, hakuvutwa, ukimpakia anakwenda, ukimshusha anangoja. Jumapili mpaka Ijumaa alifanya kazi kuliko mtu yeyote kwenye ile shule, na mimi mwenyewe nikiwemo.

Jumamosi akaugua.

Nilimkuta amelala chini ya dirisha la darasa la nne, ametulia, anatafuna. Nikamvuta, hakuja. Nikamsukuma, hakwenda. Nikampima joto, kwa njia ambayo punda hupimwa, na sote wawili hatukuifurahia. Joto lilikuwa sawa. Nikasikiliza tumbo, tumbo sawa. Nikaamua ni msokoto wa tumbo unaoanza, nikamnywesha mafuta ya kupikia kwa chupa ya soda, nikamdunga sindano ya vitamini kwa sababu sikutaka watu wanione nimesimama tu. Jumapili asubuhi alikuwa amesimama penye mitungi, mzima kabisa. Nilijipongeza sana.

Jumamosi ya pili akaugua tena. Mafuta, sindano, Jumapili akapona. Jumamosi ya tatu akaugua tena, nami nikaacha kujipongeza nikaanza kuandika. Nilikuwa na daftari, na niliandika kila kitu kama nilivyofundishwa. Niliandika kwamba dalili huanza Ijumaa jioni jua likizama, na huisha Jumamosi jua likizama. Niliandika kwamba mgonjwa hupendelea kulala chini ya dirisha la darasa la nne. Na kwa kuwa nilikuwa mtu wa kuchunguza mambo kwa undani, niliandika pia kwamba wakati dalili zinapoanza huwa kuna nyimbo nyingi kutoka darasa hilo, na nikapendekeza wahusika waombwe kupunguza sauti, huenda inamsumbua mgonjwa.

Darasa la nne walilala Wasabato.

Najua unachokiwaza, msomaji. Nawe ujue kwamba mimi nililelewa Kikatoliki kule milimani, na Jumamosi kwetu ilikuwa siku ya soko. Wasabato wenyewe hawakuniambia chochote kwa sababu Jumamosi walikuwa ndani wakisali, na Jumapili punda alikuwa mzima. Mama mmoja tu wa pale shuleni alijaribu. Alipita nikiwa nimeshika sindano, akasema, "Daktari, huyo anapumzika tu." Nikamjibu kwa upole wa kitaalamu, "Ndiyo, mama. Ugonjwa unamchosha."

Niliandika ripoti ya kurasa sita, na nakala zake za kaboni, nikaiita Ulegevu wa Kila Wiki wa Punda wa Kanda ya Ziwa. Nikaipeleka Homa Bay kwa mkubwa wangu, daktari wa mifugo wa kweli. Baada ya siku chache likaja jibu la mkono. Aliandika kwamba kwa miaka yake yote ya kazi hajasikia kitu kama hicho, kwamba atakuja mwenyewe Jumamosi kumwona mgonjwa, na kwamba kama mambo ni kama nilivyoandika, huenda nikatakiwa kwenda kuyaeleza mbele ya wakubwa Nairobi. Kichwa kilinivimba. Nilipiga viatu rangi, kwenye matope yale. Nilimwandikia mama yangu barua nikamwambia mwanawe amegundua ugonjwa.

Ndipo wenyewe wakaanza kujitokeza, na walikuwa wawili.

Wa kwanza alikuja Jumatano. Alikuwa mtu wa kubebea watu matofali na makaa, mwembamba, kofia pana, sauti ya mwimbaji wa kwaya, na kweli aliimba kwaya kwa Wakatoliki. Alimzunguka yule punda mara moja tu akatangaza, "Hii ni yangu. Angalia mgongo. Iko na msalaba, na mimi ni Mkatoliki."

Nikamwonyesha wale wengine uwanjani. Kila punda ana mstari wa uti wa mgongo na mwingine wa mabegani, ikikutana ni msalaba. Kumi na saba wote walikuwa Wakatoliki kwa hesabu hiyo.

"Basi hata hizo nitaziangalia," akasema.

Wa pili alikuja Alhamisi. Alikuwa mama wa kama miaka sitini, mjane, kitambaa cheupe kichwani, mtungi wa maji juu ya kitambaa. Mafuriko yalimkuta kwa binti yake ng'ambo ya mto, na mto ulipokubali kuvukika alirudi akakuta boma lake limebaki nguzo mbili. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba kuliko paja. Tangu arudi juzi alikuwa akipanda misheni mara tatu kwa siku na mtungi kichwani, kuwauzia maji wale wale wenye vibanda aliokuwa akiwapelekea kwa punda, kwa sababu wasipoyapata kwake watayatafuta kwa mwingine na hatakuwa na pa kurudia. Alimwona punda kutoka langoni. Hakupiga kelele. Aliutua mtungi chini akakaa juu yake, akashika goti.

"Nyathina," akaniambia, yaani mtoto wangu, "hiyo ndiyo mguu yangu."

Chifu aliitisha kikao Ijumaa asubuhi katika ofisi ya mwalimu mkuu. Alisema punda hana kitambulisho, kwa hiyo serikali itahitaji ushahidi mwingine. Kila mmoja akaambiwa amwite punda kupitia dirishani. Yule wa matofali akaita kwa sauti ya kwaya, na punda wengine watatu wakageuka. Mama akaita kwa sauti ya chini, na punda wake akaendelea kula fulana ya mtu aliyeianika kwenye uzio. Chifu akaandika kwamba ushahidi wa kuitwa umegonga mwamba.

Kisha mama akasema, "Jaduong', mzee wetu, mimi naweka Sabato. Mume wangu aliweka, na hiyo punda inaweka. Miaka nane. Ijumaa jua ikianguka mimi naanza wimbo na naifungua mzigo. Jumamosi tukifunga Sabato kwa wimbo, inaamka. Haifanyi kazi hiyo siku hata ukiichinja. Kesho ipakieni, mtaona."

Nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya kisima shingoni. Mbele ya macho yangu kurasa sita zilipita, moja moja, pamoja na ule ukurasa wa nyimbo.

Yule wa matofali hakuwa mjinga. Aliruka kabla mama hajamaliza vizuri. "Hapana, chifu! Hiyo ni ugonjwa! Daktari ameandika, amepeleka hadi Homa Bay, watu wote wanajua. Punda yangu inashikwa na ulegevu kila wiki tangu ikiwa ndogo. Si ni hivyo, daktari?"

Wote wakanigeukia. Chifu akanyanyua kalamu. Mama akaniangalia, bila wasiwasi hata kidogo, jinsi mtu anavyomwangalia daktari anayejua ukweli na karibu atausema.

Nikasema, "Uchunguzi bado unaendelea."

Hayo ndiyo maneno niliyosema, na sitayapamba. Kulikuwa na barua kwa mama yangu, kulikuwa na Nairobi, na kulikuwa na viatu vilivyopigwa rangi. Chifu akaamua kwamba tutangoja neno la daktari mkubwa kesho. Akisema ni ugonjwa, habari ya Sabato haina uzito, na punda atakwenda na aliyefika kwanza. Mama akauliza kama ni lazima awepo, maana kesho ni Sabato na hawezi kusimama kwenye kesi ya mali. Chifu akasema shauri yake. Mama akaitikia, "Sawa." Aliniambia hata mimi sawa. Kisha akaubeba mtungi wake akashuka ngazi za varanda akiegemea ukuta kwa kiwiko, ngazi moja moja. Nilibaki nimeona haya kiasi kwamba sikuweza hata kwenda kumsaidia.

Jioni hiyo mimi mwenyewe nilikwenda na punda pampuni. Tulirudi na mitungi minne, na tulikuwa tumefika katikati ya uwanja wa mpira jua lilipogusa maji. Darasa la nne wakaanza kuimba. Punda akasimama hapo hapo. Hakunyong'onyea, hakutetemeka, hakukata pumzi. Alisimama tu na kugeuza kichwa kunitazama, kama mfanyakazi anayengoja karani afungue mlango wa kutokea. Nilimfungua mitungi. Akaenda chini ya dirisha lake akalala. Mitungi nikaibeba mimi mpaka darasani, mmoja mmoja, na kila safari nilijitukana kwa Kikuria.

Daktari mkubwa alifika Jumamosi karibu adhuhuri, bila viatu. Gari lake lilikuwa limezama kwenye kivuko cha chini, na ilibidi tulitoe kwa punda wanne wa jirani na watu waliosukuma. Alikuwa mtu mnene, mzee, mwenye maneno machache, na matope yalikuwa yamempunguzia hata hayo machache. Aliosha mikono akapiga magoti karibu na mgonjwa. Akamfunua ufizi. Akaweka sikio tumboni. Akampima kwa kipimajoto, na punda akanitazama mimi, si yeye. Mwisho akachomoa bua la hindi kwenye uzio akampa, na punda akalila lote akiwa amelala, mpaka ncha.

"Mgonjwa wa kula hivi sijamwona," akasema.

"Ndivyo ugonjwa wake ulivyo," yule wa matofali akaeleza kwa huzuni. "Inashika miguu, haishiki mdomo. Iko ukurasa wa nne."

Sijui alivyoupata ukurasa wa nne. Watu walicheka, chifu akaangalia saa. Mama hakuwepo. Alikuwa nyuma ya ule ukuta, hatua tano kutoka tuliposimama, na tulimsikia akisoma Neno pamoja na wenzake. Riziki yake ilikuwa ikiamuliwa chini ya dirisha lake naye hakutoka, kwa sababu ni Sabato. Nilifikiria kwamba kama hata punda wake ana msimamo, na yeye ana msimamo, basi pale uwanjani asiye nao nilikuwa mimi peke yangu.

"Kijana," daktari akaniuliza, "hii ni nini?"

"Hana ugonjwa, daktari," nikasema. "Ni Msabato."

Kicheko kilichozuka kiliwafanya hata wale wa darasa la nne wanyamaze kidogo. Daktari hakucheka. "Na ripoti?"

"Nilikosea."

"Wapi?"

"Kurasa zote sita. Jana asubuhi nilishajua nimekosea, nikanyamaza. Punda ni wa yule mama."

Yule wa matofali alilalamika kwamba daktari gani huyu, leo ugonjwa kesho dini. Chifu alisema maneno matupu hayatoshi kufungia faili. Daktari mkubwa akaomba kiti, akakaa, akanyoosha miguu yake ya matope juani. Akasema kama punda ni Msabato, jua likizama tutajua, na yeye kwa vyovyote hawezi kurudi Homa Bay mpaka gari likauke.

Basi tulingoja alasiri nzima. Habari zilienea, na kufikia saa kumi na mbili uwanja ulikuwa umejaa kuliko siku ya mechi ya fainali. Wakatoliki walikuja, Waislamu wa mjini walikuja, wenye vibanda walikuja na chai. Yule wa matofali alijaribu mara mbili kumwamsha punda kwa bua la hindi, akaambulia kuliwa bua. Nilisimama peke yangu karibu na mitungi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mtihani, kwa sababu punda ni mnyama tu, na ingekuwaje kama siku hiyo, kwa makelele yale, angeamua kuendelea kulala.

Jua lilishuka. Darasa la nne wakaanza wimbo wa kufunga Sabato, sauti za wanawake kwanza, kisha wanaume. Wimbo ukafika mwisho, tukasikia amina ya pamoja.

Punda akanyanyua miguu ya mbele, kisha ya nyuma. Akajikung'uta matope. Akampita yule wa matofali, akampita chifu, akanipita mimi bila kunitazama, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mitungi, akaigeuzia ubavu akasimama tayari kupakiwa.

Sitasahau kelele zile. Mwislamu mmoja mwenye kibanda alirusha kofia. Chifu akafunga faili akasema serikali imeridhika. Mama alitoka darasani akishikilia fremu ya mlango, na punda alipomwona akateremsha kichwa chake chini, naye akamwegemea shingoni ili kuupumzisha mguu. Nikaelewa kwamba hivyo ndivyo wawili hawa walivyokuwa wakitembea. Mama alilia. Mimi nililia pia, na safari hii sikujali nani ananiona.

Yule wa matofali akavua kofia. "Yangu ilienda na maji," akamwambia mama. "Niliiona ikienda. Nilisema labda Mungu ameleta ingine."

"Mos, wuoda," mama akamjibu, pole, mwanangu. Alimshika mkono, na pale pale, Sabato ikiwa imekwisha, wakaanza kuongea biashara: asubuhi punda angebeba maji na alasiri angebeba matofali, mpaka goti lipone na mwenzake apate wake. Jumamosi hapana, mama akasema. Yule bwana akakuna kichwa akasema basi na Jumapili pia hapana, maana yeye ni Mkatoliki na padre humwona. Chifu alisema hata yeye mwenyewe, mtumishi wa serikali, hapati mapumziko ya namna hiyo.

Daktari mkubwa alinirudishia ripoti yangu akaniambia niandike nyingine, fupi. Niliandika mstari mmoja. Kwa mama yangu niliandika kurasa mbili, na akanijibu kwamba ugonjwa huo upo hata kwetu, humshika baba yangu kila Jumatatu.

Lakini kabla uwanja haujatawanyika, mama aliniita. "Nyathina, nasikia umedunga punda yangu sindano. Siku ya Sabato."

"Ndiyo, mama."

"Ngapi?"

"Tatu. Na mafuta."

"Iombe msamaha."

Nilidhani ni utani, nikatabasamu. Yeye hakutabasamu. Alikuwa ananitazama jinsi alivyonitazama ofisini kwa mwalimu mkuu, kabla sijasema yale maneno ya uchunguzi, na nikajua anayazungumzia hayo pia, ila hakutaka kunivua nguo mbele ya mkubwa wangu. Nikamgeukia punda. Nikasema pole. Punda akalaza masikio nyuma.

Kuanzia wiki hiyo, kila Jumatatu asubuhi walipita mlangoni kwangu kuniletea mtungi mmoja wa maji ya misheni, na mama alikataa kabisa nimlipe. Punda alikuwa akisimama, analaza masikio. Mama naye alisimama, mkono shingoni mwa punda, anatazama barabara. Nilitoka nikasema pole. Hapo ndipo mama aliposhusha mtungi. Nilisema pole kila Jumatatu kwa miaka miwili, mpaka nilipohamishwa.